Kijana aliyelewa usimwache njiani



Jumamosi usiku, ukipita karibu na vilabu vya pombe, unaweza kumkuta kijana amelala chini. Wengine humcheka. Wengine husema: “Mwache alale, pombe itamtoka.” Mimi nasema tusimwache. Wapo ambao hawakuamka tena.

Hata mtu akiacha kunywa, pombe iliyobaki tumboni huendelea kuingia katika damu. Anayekoroma sasa anaweza kuzidiwa baada ya muda mfupi. Akitapika huku amelala chali, matapishi yanaweza kumziba pumzi.

Huko Brixton, London, mwaka 2003 Wakristo walianzisha huduma iitwayo Street Pastors. Watu wa kujitolea hutembea usiku kwenye mitaa ya baa. Si madaktari. Hubeba maji ya kunywa, na ndala za kuwapa wasichana wanaotembea pekupeku. Hukaa na aliyelewa mpaka apate nafuu au apate usafiri. Je, sisi tunashindwa nini? Wahudumu wa afya wa jamii, walinzi wa usiku, viongozi wa vijana, hata mama wanaouza pombe, wote wanaweza kufanya hivyo.

Ukimkuta kijana wa namna hiyo:
- Mlaze ubavu, mdomo uelekee chini kidogo.
- Mfunike, kwa maana pombe hupoteza joto la mwili.
- Usimmwagie maji, usimtapishe, usimpe kahawa.
- Kaa naye, angalia anavyopumua.
- Kama ni msichana, usimwachie mtu asiyemjua amchukue.

Mpelekeni kwenye kituo cha afya haraka ikiwa haamki mkimwita na kumtikisa, anapumua kwa shida au polepole sana, ana degedege, au ameumia kichwa.

Jihadharini zaidi na gongo, ambayo wengine tunaiita lutuku. Novemba 2000, mjini Nairobi, pombe haramu yenye sumu ya methanoli iliua watu zaidi ya 100, na wengine wakapofuka. Kwa hiyo mtu akisema kesho yake kwamba macho yanaona ukungu, usidhani ni uchovu wa pombe ya jana. Apelekwe kutibiwa siku hiyo hiyo.

Najua wapo watakaosema tunawabembeleza walevi. Nawauliza: mgonjwa wa malaria ambaye hakulala ndani ya chandarua, tunamfukuza? Tunamtibu kwanza, kisha tunamshauri. Na kijana wa kilabuni ni hivyo hivyo. Wengi wao hawana shule wala kazi, na wamebeba mambo mazito waliyoyaona vitani. Asubuhi akili ikimrudia, ndipo atasikiliza maneno yako, kwa sababu atakumbuka ni nani aliyekaa naye usiku.

Basi Jumamosi hii, ukimwona amelala njiani, usipite. Mlaze ubavu, ita mwenzako, mkae naye.