Mama ana haki ya kuitazama sindano

Kila zoezi la chanjo ya surua linapotangazwa hapa kambini, sisi wahamasishaji wa afya tunaopita nyumba kwa nyumba tunaulizwa swali lilelile: “Hiyo dawa ni salama?” Wako wanaojibu haraka kwamba haina madhara yoyote, wakaandika jina la mtoto na kuhamia mlango wa pili.

Kwa maoni yangu jibu hilo halitoshi, na tena linatuharibia kazi. Mama akiambiwa hakuna madhara yoyote, halafu siku ya saba mtoto anawaka homa, ataamini nini? Atamwamini jirani aliyemwambia kwamba wakimbizi wanafanyiwa majaribio.

Ukilitazama vizuri swali la mama, utaona ni maswali mawili. La kwanza linahusu dawa yenyewe iliyomo ndani ya chupa. La pili linahusu mkono unaoichanganya na kuichoma. La kwanza limejibiwa na watafiti. La pili linajibiwa hapa hapa chini ya turubai la chanjo, na wewe mzazi unaweza kusaidia kulijibu.

Tuanze na dawa. Chanjo ya surua (sisi tuliotoka Kongo wengi tunaiita kwa Kifaransa, rougeole) ilianza kutumika mwaka 1963. Chanjo nyingi za surua duniani zinatokana na kirusi kilichochukuliwa mwaka 1954 kwa mwanafunzi mgonjwa huko Boston, Marekani. Kirusi hicho kilidhoofishwa maabarani hadi kikawa kinaufundisha mwili kujikinga bila kuleta ugonjwa wenyewe. Kwa hiyo anayesema hii ni dawa mpya inayojaribiwa kwetu, mwambie kwamba watoto wa Ulaya na Marekani walichomwa chanjo ya ukoo huo kabla mimi na wazazi wangu hatujazaliwa.

Uvumi mkubwa zaidi ulitoka huko huko Ulaya. Mwaka 1998 daktari mmoja wa Uingereza, Andrew Wakefield, pamoja na wenzake waliandika katika jarida la The Lancet kuhusu watoto 12. Makala ilidokeza kwamba chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela huenda inahusiana na usonji, ile hali ya mtoto kuchelewa kuzungumza na kuona taabu kuchangamana na wengine. Watoto 12! Hao ni wachache kuliko wanaopanga madumu kwenye bomba letu asubuhi moja. Mwaka 2010 jarida liliifuta makala hiyo, na Wakefield akaondolewa katika orodha ya madaktari wa Uingereza.

Sasa linganisha na Denmark. Kule kila mtoto anapewa namba tangu kuzaliwa, na chanjo zake na magonjwa yake yote huandikwa chini ya namba hiyo. Mwaka 2019 watafiti wa huko walitoa matokeo ya watoto 657,461. Usonji haukuonekana zaidi kwa waliochanjwa kuliko kwa wasiochanjwa. Mwaka 2025 walitazama tena watoto zaidi ya milioni 1.2, safari hii kuhusu chumvi ya alumini inayotiwa katika baadhi ya chanjo (ya surua haina). Walichunguza magonjwa 50 na hawakukuta kwamba yanaongezwa na alumini hiyo. Desemba 2025 kamati ya wataalamu wa usalama wa chanjo ya Shirika la Afya Duniani ilipitia tafiti nyingi na kusema tena kwamba chanjo hazisababishi usonji.

Je, maana yake chanjo haina madhara hata kidogo? Hapana, na mama lazima aambiwe. Baadhi ya watoto hupata homa kati ya siku ya 5 na ya 12, na wachache hutokwa na vipele vyepesi. Karibu mtoto mmoja kati ya 3,000 anaweza kupata degedege kwa sababu ya homa hiyo. Inatisha kuiona, lakini kwa kawaida hupita bila kuacha kilema. Mzio mkali unaobana pumzi hutokea kwa karibu mtoto mmoja katika dozi milioni moja, na hujitokeza mapema baada ya sindano. Ndiyo sababu unaombwa kubaki kituoni nusu saa. Hatukucheleweshi kwenda kupokea mgawo.

Tena msifikiri kwamba kila kasoro hufichwa. Mwaka 1998 Marekani iliruhusu chanjo ya kwanza ya kirusi cha rota, kinacholeta kuhara kwa watoto wachanga. Baada ya miezi michache ikaonekana kwamba karibu mtoto mmoja kati ya 10,000 alizibwa utumbo. Mwaka 1999 chanjo hiyo iliondolewa sokoni, na zilizokuja baadaye zilijaribiwa kwa makumi ya maelfu ya watoto kwanza. Mimi jambo hilo linanipa imani kuliko tangazo lolote.

Upande wa pili wa mizani uko ugonjwa wenyewe. Kati ya mwaka 2019 na 2020 Kongo ilikuwa na surua mbaya kuliko nchi yoyote: wagonjwa zaidi ya 380,000, na waliokufa zaidi ya 7,000, wengi wao watoto wa chini ya miaka 5. Katika miaka hiyo hiyo redio zote zilizungumza juu ya Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, iliyoua watu 2,287 kuanzia 2018 hadi 2020. Surua iliua mara tatu yake, na ni wachache waliopiga kelele.

Kirusi cha surua kinaweza kubaki hewani ndani ya nyumba hadi saa mbili baada ya mgonjwa kutoka. Hebu fikiria nyumba zetu zilivyobanana. Pale palipo na utapiamlo na matibabu haba, hata watoto 10 kati ya 100 wanaougua wanaweza kufa, na wengine hupofuka.

Wazee husema, “Sisi tuliugua surua na tukapona.” Ni kweli, nanyi shikamooni wazee wetu. Lakini mwaka 2019 watafiti walipima damu ya watoto 77 wa Uholanzi ambao hawakuchanjwa, kabla na baada ya kuugua surua. Walikuta watoto hao wamepoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya askari wa mwili waliokuwa wanakumbuka magonjwa ya zamani. Yaani mtoto amepona surua, lakini mwili wake umesahau jinsi ya kupigana na nimonia na kuhara. Anayekufa miezi mingi baadaye haandikwi kwamba aliuawa na surua.

Sasa swali la pili, la mkono. Hapa sitaki kuficha kitu, maana wenzetu wa Sudan Kusini wanaijua habari hii. Mwaka 2017, katika eneo la Kapoeta nchini mwao, watoto 15 walikufa baada ya zoezi la chanjo ya surua. Wachunguzi walikuta kwamba sindano ile ile ilitumika kwa watoto wengi kwa siku nne, na chanjo haikuwekwa kwenye baridi. Watoto walikufa kwa sumu ya vijidudu kwenye damu. Mwaka 2018, katika visiwa vya Samoa, watoto wawili walikufa kwa sababu wauguzi walichanganya chanjo na dawa ya kulegeza misuli badala ya maji yake. Serikali ikasimamisha chanjo hiyo kwa miezi mingi na wazazi wakaogopa kurudi. Mwishoni mwa 2019 surua ikaingia kisiwani, ikaua watu 83, wengi wao watoto wadogo.

Kote kuwili dawa yenyewe haikuwa na kosa, ni mikono. Ndiyo maana sikubaliani na muuguzi anayemfokea mama anayechungulia meza. Mwache achungulie. Chupa moja huwa na dozi za watoto kadhaa, mara nyingi 10, lakini kila mtoto lazima afunguliwe sindano yake mpya mbele ya macho ya mzazi, na ikishatumika iingie moja kwa moja kwenye boksi la kutupia. Chupa iliyochanganywa ikae kwenye barafu, na imwagwe baada ya saa sita hata kama imebaki dawa. Ukiona sindano inarudiwa, kataa, na umwite msimamizi hapo hapo. Mtu asikuite mkorofi kwa hilo.

Mtoto akipata homa nyumbani, mnyonyeshe au mpe maji ya kunywa mara kwa mara na umvue nguo nzito. Akipata degedege, akishindwa kunyonya, au mahali pa sindano pakivimba na kutoa usaha, mlete kituoni hata usiku, na umwambie muuguzi tarehe ya chanjo ili iandikwe kwenye daftari la madhara. Aliyechanjwa kabla ya kutimiza miezi 9, wakati wa mlipuko, arudi akifikisha 9, maana dozi ile haihesabiwi. Dozi nyingine hufuata baada ya mwaka wa kwanza. Na kama kadi ilibaki njiani mlipokimbia, njooni bila kadi. Kuchanjwa tena si hatari.