Kusahihisha neno moja si kuandika upya: faili ni ya mwanafunzi

BUKAVU – Kila wakati wa kutetea TFC unapokaribia, sekretaria za mitaani zinajaa wanafunzi. Mwanafunzi analeta kazi aliyoandika kwa mkono na kulipa kwa kila ukurasa. Profesa akimuomba abadilishe kichwa kimoja cha habari, anarudi pale pale, na kuna sekretaria zinazomdai tena bei ya ukurasa mzima. Akiomba awekewe faili kwenye flashi, anakataliwa.

Hiyo si haki, na historia ya mashini yenyewe inaonyesha hivyo.

Zamani bei hiyo ilikuwa na maana. Kwenye mashini ya kuandikia, mstari mmoja uliosahaulika ulilazimisha kupiga ukurasa wote upya. Ndiyo taabu ambayo watu walitaka kuondoa. Mwaka wa 1964 kampuni ya IBM ilitoa mashini inayoweka maneno kwenye utepe wa sumaku: unarekebisha penye kosa, nayo inapiga mengine yenyewe. Mwaka wa 1976, huko Marekani, Michael Shrayer alitoa Electric Pencil, programu ya kuandika kwenye ordinatere ndogo. Word ikafuata mwaka wa 1983. Shabaha ilikuwa moja: kilichokwisha kuandikwa kisiandikwe tena.

Sasa faida hiyo inaenda wapi? Inabaki kwa mwenye ordinatere. Kazi ya dakika moja inauzwa kama kazi ya saa nzima.

Wenye sekretaria wanajitetea kwamba umeme unakatika, mafuta ya jenereta ni ghali, na wino pia. Ni kweli. Basi wabandike mlangoni bei tatu: ya kuandika, ya kusahihisha na ya kutoa kwenye karatasi. Hakuna anayekataa kulipa jasho la mtu. Lakini fundi cherehani akishalipwa, habaki na nguo ya mteja.

Vyuo navyo vina lawama. Vinadai kazi ya mashini, lakini si vyote vinavyompa mwanafunzi saa za kutosha za kujifunza kuandika mwenyewe. Kisingizio cha bei ya programu hakisimami: LibreOffice inapatikana bure tangu 2010.

Kwa sasa, mwanafunzi apatane mapema na asimalize kulipa kabla ya kuona faili yake imefunguka kwenye flashi yake.