Gari la Fahari Ukambani: Bei ni ya Mombasa, Gharama ni ya Kathonzweni

Ndugu msomaji, ukiondoka Mombasa alfajiri kwa basi la Nairobi, kabla ya adhuhuri utakuwa umepitwa na magari mengi yaliyotoka bandarini, yakipandishwa bara na madereva wa kukodiwa. Mengi ni vigari vya kazi. Lakini hapana siku utakayokosa kuona moja au mawili ya fahari, meusi au ya rangi ya fedha, yenye vioo vya giza, yakipita kimya kama paka. Abiria hugeuza shingo. Mimi nami hugeuza, ila tangu mwaka wa 2023 nayatazama kwa jicho jingine, na sababu yake ndiyo niliyoazimia kuieleza leo, ingawa habari yenyewe hainipambi.

Watu wa bara hudhani kila mtu wa Mombasa ni mjuzi wa magari, na swali wanaloniuliza mara kwa mara ni hili: je, kuna faida kununua gari la fahari ambalo mwingine amekwisha kulitumia? Maoni yangu ni kuwa kwa mtu anayeishi Kitui au Makueni, aghalabu hakuna. Sisemi hivyo kwa kuchukia fahari. Kupenda kitu kizuri si haramu, na mwenye kuoneshwa neema ya Mola wake ana haki ya kuionesha. Nasema hivyo kwa sababu nimelipanda gari kama hilo, na nimelisukuma.

Shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi upande wa Kathonzweni, wilaya ya zamani ya Makueni, ambayo sasa ni Kaunti ya Makueni. Alipostaafu akapata kiinua mgongo chake, akateremka Mombasa na nia moja tu. Hakutaka pikapu ya kubebea maembe. Hakutaka Probox, ambayo kule Ukambani hubeba kila kitu tangu abiria tisa hadi mbuzi wa mahari. "Shemeji," aliniambia tukiwa barazani, "nimesimama ubaoni miaka thelathini na minne, chaki imenijaa kifuani. Nataka nami niteremke garini, watu wageuke."

Nani angemlaumu? Katika Ukambani, kama kwetu, mtu hupimwa kwa alichoshukia. Baada ya uhuru watu wetu waliunda neno Wabenzi, na neno lile lilikuwa la kejeli na la tamaa kwa pamoja. Hata mwenye kuwacheka Wabenzi alitaka siku moja achekwe yeye.

Nikampeleka kwenye yadi ya rafiki yangu mmoja. Jina lake silitaji, wala la gari silitaji, kwa kuwa kosa si la kiwanda. Lilikuwa gari la Kijerumani, injini ya petroli ya lita tatu, viti vya ngozi. Halikukalia springi za chuma bali mifuko ya mpira iliyojazwa hewa, hata ukiketi unadhani umeketi juu ya godoro. Lilikuwa na umri wa miaka kumi na lilikwisha kutumika Nairobi. Saa yake ya kilomita ilisoma 84,000. Bei, shilingi 1,450,000. Ulikuwa mwezi wa Julai 2023, na ushuru wa forodha wa magari yatokayo nje ulikuwa umepandishwa kutoka asilimia 25 hadi 35. Rafiki yangu aliitumia habari hiyo vizuri sana. "Mwalimu," alisema, "yatakayokuja baada ya haya hutayaweza. Chukua hili lililokwisha kulipiwa."

Shemeji akanitazama. Na mimi, ndugu msomaji, nilinyamaza. Wiki moja kabla ya hapo, tukinywa kahawa, rafiki huyo huyo alinichekesha kwa kunieleza jinsi lile gari "lilivyopunguzwa umri", yaani saa yake ya kilomita ilivyorudishwa nyuma. Nililijua jambo hilo wakati shemeji akihesabu pesa. Jioni yake nikapewa bahasha ya shilingi 20,000, ujira wa udalali. Nikaipokea.

Hebu sasa tutazame kwa nini magari haya huwa rahisi, maana urahisi wake ndio mtego wenyewe. Gari la fahari jipya linunuliwapo Ujerumani au Uingereza, mwenye kulipa hasara kubwa ni yule wa kwanza. Miaka mitatu minne ya mwanzo thamani yake huporomoka, kwa sababu tajiri anayeweza kulinunua anataka jipya zaidi, naye asiye tajiri anaogopa kulitunza. Japani nako gari jipya hukaguliwa na serikali baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi ule una gharama. Wengi huona heri wauze kuliko kukaguliwa tena na tena. Nasi huku tuna kanuni yetu: gari lililopita miaka 8 tangu kuandikishwa mara ya kwanza haliruhusiwi kuingizwa nchini, kwa hiyo katika mwaka wa 2025 la kabla ya 2018 halikupokewa. Kila mwisho wa mwaka, basi, wafanyabiashara hukimbizana na tarehe. Gari huingia, hulipiwa ushuru wa forodha, na ushuru wa bidhaa ambao huzidi kadiri injini inavyozidi ukubwa, na kodi ya asilimia 16 juu yake, hutumika Nairobi miaka kadhaa, kisha ndipo hushuka bei hata mwalimu mstaafu akalifikia.

Lakini sikiliza. Bei ya gari hushuka, bei ya spea zake haishuki. Gari lililouzwa mamilioni kumi na mbili likiwa jipya, hata ukilinunua kwa moja na nusu, breki zake zitabaki breki za gari la mamilioni kumi na mbili. Kiwanda hakijui kuwa wewe ulilipata kwa bei ya huruma.

Mwezi wa Agosti shemeji alikuwa mfalme wa Kathonzweni. Alialikwa kila harambee, akawekwa kiti cha mbele. Hapo akagundua jambo ambalo hakuna mwenye yadi anayelitaja: anayeshuka kwenye gari kama lile hawezi kutoa shilingi mia tano. Mwezi wa Septemba petroli ikapita shilingi 200 kwa lita, na injini ya lita tatu haina huruma. Akaanza kuliegesha, akipanda bodaboda kwenda sokoni Wote na kulitoa gari siku za harusi na mazishi.

Kilichomvunja hasa ni njia. Lami ya Wote ni nzuri, sina la kuisema. Hata ile barabara ya kutoka Kibwezi kupitia Mutomo hadi Kitui, iliyokuwa jehanamu ya vumbi, sasa ni lami. Lakini mtu hakai juu ya lami. Nyumba ya shemeji iko mbali na barabara kuu, na katikati pana mto wa mchanga, kama ilivyo mito mingi ya Ukambani, ambayo maji yake hujificha chini ya mchanga karibu mwaka mzima. Gari lile lilitengenezwa kwa barabara ambazo hata mvua hupangusiwa. Mwezi wa Oktoba lilipiga jiwe likatoboka bakuli la oili. Mwezi wa Novemba mvua zikaanza, likazama mtoni, na ndipo tulipolisukuma, mimi na vijana sita wa kijiji. Mwezi wa Desemba mfuko mmoja wa hewa ukapasuka, gari likalala upande mmoja kama ngamia anayetaka kupakuliwa.

Fundi wa Wote, kijana hodari ambaye nimemwona akiifufua pikapu kwa waya na sabuni, alifungua boneti, akatazama, akafunga. "Mwalimu," alisema, "hii ni kompyuta iliyotiwa magurudumu. Mimi sina mashine ya kuzungumza nayo." Ikabidi likodiwe lori la kuvuta magari hadi Nairobi, shilingi 35,000. Mfuko wa hewa uliokwisha kutumika, uliotoka Dubai, shilingi 60,000, na fundi wa huko akasisitiza ibadilishwe miwili. Kisha giaboksi ikataka oili ya namna yake peke yake. Kufika Julai iliyofuata shemeji alikuwa ametumia zaidi ya shilingi 400,000, yaani zaidi ya robo ya bei aliyonunulia, na tangi la maji alilomwahidi mkewe halijajengwa. Hilo la tangi ndilo linaloniuma. Dada yule bado anakwenda mtoni kufukua mchanga.

Wako watakaonipinga, na baadhi ya hoja zao ni za haki. Watasema gari la fahari lina breki imara na mifuko ya kumkinga mtu wakati wa ajali, na kwamba atumiaye Barabara ya Mombasa usiku, katikati ya malori yanayopitana kana kwamba yana roho saba, anahitaji kinga kuliko anavyohitaji akiba. Kweli. Kama kazi yako ni kwenda na kurudi Nairobi juu ya lami, na gereji yenye mashine iko karibu nawe, na una fungu la kutengenezea ambalo hukuliweka kwa jambo jingine, mimi sitakuzuia.

Watasema tena kwamba wamemwona mzee fulani Kitui mjini akiendesha Mercedes ya dizeli ya tangu enzi za Mzee Moi na haijamsumbua. Nami nimemwona, na hata nimepakiwa. Lakini gari lile ni la aina ya W123, lililotengenezwa kati ya 1976 na 1985, na yalitoka kiwandani zaidi ya milioni mbili na nusu. Ndani yake ni chuma, mafuta na nati. Fundi mwenye spana na akili humaliza kazi chini ya mwembe. Mercedes za kale hata Safari Rally zilishinda mara tatu mfululizo, 1959 hadi 1961, na Peugeot zilizozifuata katika sifa hizo ndizo zilizowabeba walimu na madaktari wa Ukambani kwa miaka mingi. Fahari ya zama zile iliweza kutengenezwa kijijini, na ya leo ukiifikisha kijijini umeifikisha mahali ambapo hakuna ajuaye lugha yake.

Basi mtu wa Kitui au Makueni akiniuliza, mimi humwuliza kwanza jina la fundi wake. Akinitajia fundi wa karibu naye aliyekwisha kulifungua gari la namna ile, tunaendelea na mazungumzo. Akinitajia mtu wa Nairobi, namwambia anunue kitu kingine.

Sasa niseme kidogo na sisi watu wa Pwani, maana magari haya hupita mikononi mwetu. Biashara yetu na Wakamba si ya jana. Karne ya kumi na tisa misafara yao ilishusha pembe za ndovu hadi Mombasa na kupandisha nguo na shanga. Kivoi wa Kitui, aliyempokea Krapf mwaka wa 1849, alikuwa mfanyabiashara wa kujulikana huku kwetu kabla hapajakuwa na reli wala gati la Kilindini. Katika biashara ya namna ile, mtu akitembea siku nyingi kwa miguu kurudi kwao na bidhaa mbovu, hakuwa na njia ya kuja kulalamika. Leo anayo simu, lakini amekwisha kulipa.

Sote tulisoma chuoni kisa cha Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni akatia mkono katika lundo la nafaka, vidole vikakuta unyevu chini. Mwenye mali akajitetea kuwa ni mvua. Akaulizwa kwa nini hakuuweka ule unyevu juu, watu wauone. Saa ya kilomita iliyorudishwa nyuma ni unyevu uliofichwa chini ya lundo, na dalali aliyejua akanyamaza hana udhuru wa mvua. Sheria yetu humpa mnunuzi haki ya kurudisha bidhaa yenye aibu iliyofichwa. Lakini haki hiyo haina kazi kama anayeijua aibu amelipwa asiseme.

Neno moja tena kwa vijana wetu wanaodhani kuwa tangu zije benki za Kiislamu mwaka wa 2008, ambazo hulinunua gari kisha zikakuuzia kwa faida iliyotajwa wazi, basi kila gari limekuwa jambo la busara. Riba imekuepuka, alhamdulillahi. Mfuko wa hewa haujakuepuka.

Shemeji husoma gazeti hili likifika Wote. Kwa hiyo juzi usiku nilimpigia simu ili asiyasome haya kabla ya kuyasikia kwangu, bahasha na yote. Alinyamaza kitambo, nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza lile gari limekwenda kilomita ngapi hasa. Nikamwambia rafiki yangu alitaja laki mbili na ushei. "Kumbe limefanya kazi kuliko mimi," akasema, akacheka, lakini si kicheko chake cha kawaida.

Jumamosi, inshallah, napanda Kathonzweni pamoja na fundi wa Mombasa mwenye mashine ya kusoma hizo kompyuta, tulitengeneze kiasi cha kuuzika, na atakayelinunua aambiwe kila kitu. Nauli na ujira wa fundi vitatoka katika zile elfu ishirini, na kitakachopungua nitakiongeza mimi.