Rangi ya gari la amana

Wiki hii nazungumzia rangi ya gari, kwa sababu ninadaiwa boneti.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alipokwenda Muscat kikazi aliniachia gari lake jeusi, akakusudia kuliuza atakaporejea. Nilimwahidi kulitunza kama langu, na hapo ndipo kosa lilipoanzia, kwani langu huoshwa na watoto. Kwetu Bwiru vumbi la mlimani halikomi, na wadudu wa ziwani wakija kama wingu la moshi huganda boneti nzima. Vijana huwafuta kwa kitambaa kikavu. Sponji ikianguka chini huokotwa na kurudishwa ndooni pamoja na mchanga wake. Baada ya miezi kadhaa nililitazama gari lile juani, nikaona mfano wa utando wa buibui umelizunguka jua lililoakisiwa kwenye rangi. Ni mikwaruzo midogo isiyohesabika, iliyokwenda kila upande.

Nikaazima mashine ya kupigia polishi, nikanunua kompaundi kali kuliko zote dukani, nikaanza saa saba mchana. Kwenye ukingo wa boneti niling'ang'ania mkwaruzo mmoja mpaka pakapata moto, kisha pakafubaa. Nilidhani ni uchafu. Kumbe nilikuwa nimeimaliza klia.

Klia ni tabaka angavu linalopulizwa juu ya rangi yenyewe katika magari mengi ya siku hizi, na ndilo linaloikinga rangi dhidi ya jua. Unene wake kwa kawaida ni maikroni 40 hadi 50, yaani chini ya unene wa unywele mmoja. Polishi haizibi mkwaruzo. Huisaga klia iliyo pembezoni mwake mpaka iwe sawa na kina chake. Kilichosagwa hakirudi. Kwenye kingo na mikunjo ya bati tabaka huisha upesi zaidi, kwa kuwa mashine huegemea sehemu ndogo. Basi kila anayeshika polishi ajue kwamba anatumia akiba.

Kabla ya yote, pitisha ukucha juu ya mkwaruzo. Ukikwama, mkwaruzo huo ni wa fundi rangi, uache. Usipokwama, liosha gari vizuri, lisogeze kivulini, subiri bati lipoe. Bandika utepe wa karatasi wa mafundi rangi kwenye kingo zote. Anza na polishi laini kabisa, kidogo tu, kwa kitambaa laini cha mikrofaiba, kwenye eneo lisilozidi nusu mita. Sugua kwa mkono bila kukandamiza, futa, kisha likague juani. Mkono huchosha, lakini ni vigumu kuunguza klia kwa mkono. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari, simama: huenda gari hilo halina klia, au umekwisha kuipita. Mkwaruzo ukipungua kiasi cha kutoonekana hatua tatu mbali, tosheka. Malizia kwa nta. (Wapo wanaotumia dawa ya meno. Nayo husaga, ila hujui inasaga kiasi gani.)

Hata hivyo kazi kubwa iko kwenye kuosha. Mwaga maji kwanza mpaka vumbi lishuke lenyewe. Wadudu waloweshwe, wasikwanguliwe. Tumia ndoo mbili, moja ya sabuni ya magari na moja ya kusuuzia kitambaa, ukianza juu kwenda chini. Wala msiwatume vijana kuoshea magari ufukweni. Maji ya ukingoni yana mchanga, mafuta ya gari huishia katika maji tunayoyanywa na kutawadhia, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeuwekea ukingo wa ziwa hifadhi ya mita 60.

Lilibaki la boneti. Dalali mmoja alinishauri nipake nta nyeusi: doa litafichika wiki mbili tatu, na kufikia hapo gari litakuwa limekwisha kuuzwa. Sisi tuliosoma mlango wa biashara katika fiqhi tunalijua jina la jambo hilo: ni ghishi, na mnunuzi ana haki ya kulirudisha gari. Nikampigia simu mwenye mali.

"Shemeji, nimeiharibu boneti yako."

Akanyamaza. "Umegonga?"

"Nimeipiga polishi."

Nilisikia akicheka, kisha akaacha kucheka. Akaniuliza doa ni kubwa kiasi gani. Nikamwambia ni kama kiganja. Fundi rangi amesema kiganja hicho hakipulizwi peke yake kikapendeza, ni boneti nzima, na gharama hiyo nimeikubali kuwa juu yangu.

"Usiguse kitu tena," akasema shemeji. "Nitumie picha ya hilo doa. Mnunuzi akitokea kabla halijapulizwa, hiyo ndiyo picha ya kwanza utakayomwonyesha."