Malbec na kahawa ya Kivu: anayeshika njia ndiye anashika jina

Ukisema Malbec mbele ya mtu anayejua divai nyekundu, atakujibu mara moja: Argentina. Ni divai nzito, yenye rangi nyeusi inayokaribia zambarau, harufu ya matunda yaliyoiva na ukakasi kidogo ulimini. Lakini zabibu ya Malbec haikuzaliwa Argentina. Ilizaliwa Ufaransa, upande wa kusini-magharibi, na makao yake ya zamani ni Cahors, mji wa kando ya mto Lot. Namna gani mtoto wa Cahors alikuja kujulikana kama mtoto wa inchi nyingine? Hatuwaambii watu wanywe divai. Tunauliza swali hili kwa sababu linatuhusu sisi wakaaji wa Kivu.

Katika karne za kati, divai ya Cahors ilisifiwa sana, na watu waliiita divai nyeusi. Shida yake ilikuwa njia. Ili ifike baharini ilipaswa kushuka mto Lot, kuingia Garonne, na kupita kwenye bandari ya Bordeaux. Na Bordeaux ilikuwa na divai yake. Tangu karne ya 13, wenye bandari walipewa haki na wafalme wa Uingereza waliotawala eneo hilo: divai ya watu wa juu ilingoja mpaka ya Bordeaux itangulie sokoni, tena ililipishwa kodi. Haki hizo ziliondolewa mwaka 1776 tu. Mkulima wa Cahors alitoa jasho zaidi ya miaka 500, mwenye bandari akachagua faida.

Kisha mabaya mengine yakafuata. Mwisho wa karne ya 19, mdudu filoksera aliharibu mizabibu. Mwaka 1956, baridi kali ikaua karibu yote iliyobaki. Cahors ilipata haki ya kulinda jina lake mwaka 1971, kwa sharti kwamba divai yake iwe na Malbec isiyopungua asilimia 70.

Wakati huo zabibu ilikuwa imekwisha kuvuka bahari. Mwaka 1853, mtaalamu wa kilimo Mfaransa, Michel Aimé Pouget, aliingiza miche ya kwao katika Argentina, na Malbec ikapata nyumba mpya katika Mendoza. Huko ni chini ya milima ya Andes, mvua ni haba, na mashamba yananyweshwa kwa mifereji inayoleta maji ya teluji. Mashamba mengi yako kati ya mita 600 na 1500. Jua la mchana ni kali, usiku ni baridi, na hiyo inasaidia zabibu kutunza rangi na ladha.

Hata Argentina ilikosea. Kuna miaka ambapo wakulima waling'oa sehemu kubwa ya Malbec yao. Halafu wakageuka. Mwaka 1989 eneo la Luján de Cuyo likapata jina lililolindwa, wakaboresha kazi, wakaandika Malbec kwenye chupa. Leo wana zaidi ya hekta 40,000 za zabibu hiyo. Na Cahors, mama mzazi, siku hizi nayo inaandika Malbec kwenye chupa zake ili wanunuzi waitambue.

Sasa tujiangalie. Kahawa ya arabika ya Idjwi, Kalehe na Minova ni nzuri, wanunuzi wa mbali wanaijua. Lakini kwa miaka mingi magunia yamekuwa yakivuka ziwa usiku ndani ya mitumbwi, na watu wamekufa maji katika biashara hiyo. Mkulima havuki kwa kupenda. Anakimbia vizuizi, kodi zisizohesabika na bei ya kumnyonga. Kahawa ikifika ng'ambo inachanganywa na ya huko, na jina la kijiji kilichoilima linapotea.

Wengine watasema: katikati ya vita, nani ana nafasi ya kufikiri jina la kahawa? Tunaelewa uchungu huo. Lakini vita haijamzuia mchuuzi kununua kahawa yetu. Imemrahisishia kuinunua bila jina.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Wenye mamlaka wapunguze kodi na waondoe vizuizi kwenye njia ya kahawa. Vyama vya ushirika vimlipe mkulima haraka anapoleta kahawa kwenye kituo cha kuoshea, maana mwenye njaa hangoji. Na kila gunia liandikwe jina la mahali lilipotoka, jina hilo lilindwe na sheria.

Cahors ilikuwa na udongo mzuri na wakulima hodari. Vyote hivyo havikuitosha, kwa sababu njia ilikuwa mikononi mwa wengine. Sisi tusingoje miaka 500.