Unabadili siti ya pikipiki? Kumbuka inabeba migongo miwili

Ukipita leo kwenye kijiwe chochote cha bodaboda, tazama siti kabla ya kumtazama dereva. Utaona iliyochanika ikafungwa mfuko wa plastiki ili sponji isilowe. Utaona iliyonona kama mto wa sofa, na nyingine ndefu iliyovutwa hadi juu ya keria ya nyuma. Juu ya siti hizo ndipo mjamzito anapokwenda kliniki, mtoto anapopelekwa shule na mgonjwa anaporudishwa nyumbani kutoka hospitali.

Tunazungumza sana kuhusu mwendo kasi na kofia ngumu, na ni sawa. Siti huwa tunaiachia fundi na dereva kana kwamba ni jambo la urembo. Ukweli ni kwamba siti ni suala la afya, na anayeumia zaidi mara nyingi si yule aliyeinunua.

Dereva mmoja aliwahi kuja kliniki akilalamikia kiuno na ganzi kwenye mapaja. Alikuwa ameshakunywa dawa za figo na za ngiri bila kupata nafuu. Mkojo wake ulikuwa safi na figo hazikuwa na tatizo. Nilipomuuliza kilichobadilika kwenye kazi yake, alifikiri kidogo, akasema, "Daktari, labda siti. Niliweka mpya, laini sana, abiria wanaisifu." Tulitoka nje tukaitazama. Niliibonyeza kwa kidole gumba kimoja tu, nikagusa bati lililo chini ya sponji.

Kwa nini laini huumiza

Chini ya makalio yako kuna mifupa miwili ambayo kazi yake ni kubeba uzito wa mwili unapokaa. Siti nzuri huipa mifupa hiyo mahali pa kutua. Siti laini kupita kiasi huiacha izame, na mzigo huhamia kwenye nyama za pembeni na kwenye msamba, yaani sehemu iliyo kati ya viungo vya uzazi na njia ya haja kubwa. Hapo hupita mishipa ya damu na ya fahamu ambayo haivumilii kukandamizwa kwa muda mrefu. Ganzi, kuwaka moto na maumivu huanzia hapo.

Ndiyo maana siti unayoisifu dukani ukiikalia kwa dakika mbili inaweza kukutesa baada ya saa moja. Sponji dhaifu hubonyea ikaisha, nawe ukabaki umekalia bati. Kila tuta na kila shimo hupanda moja kwa moja kwenye uti wa mgongo.

Mtetemo nao una hesabu yake. Mwili wa mtu aliyekaa huathirika zaidi na mtikisiko wa kwenda juu na chini wa takribani mara 4 hadi 8 kwa sekunde. Ukipata mtikisiko wa namna hiyo kutwa nzima, kwa miaka, uwezekano wa kuumwa kiuno huongezeka. Umoja wa Ulaya ulilichukulia jambo hili kwa uzito. Mwaka 2002 ulitoa agizo lenye kiwango cha mtetemo ambacho mfanyakazi akikifikia, mwajiri lazima achukue hatua za kuupunguza. Dereva wetu wa bodaboda hana mwajiri wa kumpimia mtetemo. Ana bosi anayesubiri hesabu ya jioni.

Abiria huumia zaidi ya dereva

Mwenye usukani huliona shimo kabla ya kulifikia. Hupunguza mwendo, hukaza mikono, hujiinua kidogo kwa miguu, na magoti yake hufyonza kishindo. Wewe uliyekaa nyuma huoni kitu. Umekaa karibu kabisa na tairi la nyuma, huna usukani wa kushika, na kishindo kinakukuta mgongo umelegea.

Sasa angalia jinsi siti zinavyobadilishwa. Anayekwenda kwa fundi ni dereva, peke yake. Anakalia upande wake wa mbele, anaridhika, analipa, anaondoka. Sehemu ya nyuma haijajaribiwa na mtu. Kama pikipiki ni ya bosi, mwenye mali hakai mbele wala nyuma, na akiombwa fedha ya siti anaweza kuona ni anasa. Hivyo mgongo wa abiria unakosa mtetezi, ilhali ndiye anayelipa nauli.

Siti ndefu ina ajenda yake

Kuna siti zinazorefushwa makusudi. Fundi huongeza ubao au bati kwa nyuma, hubandika vipande vya godoro, hushona kava moja refu lililonyooka. Dereva atakwambia ni kwa ajili ya starehe ya abiria. Jiulize: abiria mmoja anahitaji urefu wote huo wa nini? Siti hiyo imetengenezwa kwa ajili ya mishikaki.

Kanuni za mwaka 2010 za kusafirisha abiria kwa pikipiki nchini zinaruhusu abiria mmoja tu. Kiafya pia sababu ziko wazi. Mtu wa tatu huketi nyuma ya ekseli ya tairi la nyuma, uzito wa mbele hupungua na usukani huwa mwepesi. Miguu yake haina pa kukanyaga, kwa hiyo huning'inia karibu na spoki na bomba la moshi. Shokapu zikielemewa hugonga mwisho, na kila anayekaa juu yake huumia. Hakuna sponji inayoweza kurekebisha hayo.

Kwa hiyo mzazi, ukiona siti imefika hadi kwenye keria, ujue dereva huyo amejiandaa kubeba wangapi. Mwanao asiwe mmoja wao.

Vipimo 7 vya kufanya kwa fundi

Kama pikipiki ni yako, au unamsaidia kijana wako kubadili siti, usiende peke yako. Nenda na mtu atakayekaa nyuma mara kwa mara, awe mke, mume au mtoto mkubwa. Kisha fanyeni haya:

1. Pigia goti. Weka goti moja juu ya siti, uegemeze uzito wako. Ukigusa bati, sponji ni nyembamba au imekufa. Iliyo bora ni sponji ngumu na nzito kwa chini, halafu tabaka jembamba lililo laini kidogo kwa juu. Vipande vya godoro kuukuu vilivyogundishwa hulala upesi na kuacha mabonde.

2. Kaeni wawili, dakika 15 hadi 20. Mkiona aibu kukaa kimya, pigeni soga. Ganzi, kuchoma au hamu ya kujigeuzageuza ndani ya muda huo ni jibu tosha.

3. Pima upana. Mahali pa makalio pawe papana vya kutosha kubeba ile mifupa miwili. Mbele pawe pembamba ili mapaja ya dereva yasitanuke na miguu yake yote miwili ifike chini anaposimama. Siti iliyoinuliwa mno humfanya achechemee kwa vidole kwenye foleni, na pikipiki yenye abiria huanguka kirahisi hata ikiwa imesimama.

4. Tazama mteremko. Siti iliyoinamia mbele humsukuma dereva kwenye tangi la mafuta na kumsukuma abiria mgongoni mwa dereva. Kila akifunga breki mnarundikana, na viganja vya dereva hubeba uzito ambao si wake. Sehemu ya abiria ikiinuka kidogo inasaidia. Ikiinuka sana, inamrusha.

5. Angalia magoti ya abiria. Nyayo zake zikae bapa kwenye vikanyagio huku magoti yamekunjwa bila kubanwa. Abiria ambaye miguu yake haifiki hubeba uzito wote kwa kiuno.

6. Kagua kava. Lisiteleze, na mshono usipite katikati ya mahali unapokalia. Kava lisiloruhusu hewa hata kidogo hutunza jasho, na jasho kwa mtu anayekaa kutwa juani huleta fangasi za mapajani na majipu. Mishono ikipitisha maji ya mvua, sponji hubaki na unyevu na kuoza.

7. Itikise. Shika siti kwa mikono miwili, ivute juu na pembeni. Iwe ni ya aina ya pikipiki yako, imeshikwa na bolti zake na kufuli yake. Siti iliyofungwa kwa waya au mpira ni ajali inayosubiri siku yake. Hakikisha pia abiria ana pa kushika.

Baada ya hapo, usiitwishe siti lawama zote. Shokapu zilizokufa na tairi lililojazwa upepo kupita kiasi vitakutikisa hata ukikalia godoro. Na hakuna siti inayoruhusu kukaa bila kushuka. Diski zilizo kati ya pingili za mgongo hazina mishipa yake ya damu ya kutosha. Hutegemea mwili kujongea ili zipate lishe. Dereva ashuke kila baada ya saa moja hivi, atembee dakika chache, ajinyooshe, anywe maji.

Ambao siti nzuri haiwatoshi

Mjamzito, hasa tumbo linapokuwa kubwa, hupoteza uwiano wa mwili. Siti bora hupunguza kishindo lakini haiondoi hatari ya kuanguka. Ukiweza kupata bajaji au gari, chagua hilo. Kama pikipiki ndiyo njia pekee, panda wewe peke yako na dereva, mwambie hali yako kabla hajawasha, vaa kofia ngumu, mwende polepole. Usikae upande. Najua wengi hukaa hivyo kwa sababu ya mavazi na staha, lakini kiuno hujipinda safari nzima na mguu mmoja hukosa pa kukanyaga. Suruali ndani ya gauni au chini ya kanga inatatua hilo.

Mtoto ambaye nyayo zake hazifiki kwenye vikanyagio hajafikia umri wa siti hiyo. Visigino vya watoto huingia kwenye spoki, na ni majeraha mabaya. Mtoto mchanga aliyebanwa katikati ya mama na dereva anaweza kukosa hewa bila mtu kujua, na aliyebebwa mgongoni kwa mbeleko shingo yake hurushwa kwa kila tuta.

Aliyetoka kufanyiwa upasuaji, mama aliyejifungua kwa upasuaji siku chache zilizopita, mwenye mfupa uliovunjika na aliyepooza upande mmoja wasipande pikipiki. Waulize wahudumu kabla ya kuruhusiwa kutoka hospitalini, na ndugu wachange nauli ya gari. Ni nafuu kuliko kurudishwa wodini.

Na kwa kila mtu, kofia ngumu iliyofungwa vizuri. Shirika la Afya Duniani linasema uvaaji sahihi hupunguza hatari ya kuumia ubongo kwa hadi asilimia 74.

Usisubiri ukiona haya

Maumivu ya kiuno yanayopungua ukipumzika siku mbili tatu mara nyingi hutulia yenyewe ukibadili ukaaji. Lakini nenda hospitali siku hiyo hiyo ukipata ganzi kwenye msamba na sehemu za siri, ukishindwa kuzuia au kutoa mkojo, haja kubwa ikikutoka bila kujua, au miguu ikiishiwa nguvu. Hizo zinaweza kuwa dalili kwamba mishipa ya fahamu ya chini ya mgongo imebanwa, na kuchelewa kunaweza kuacha ulemavu. Maumivu yanayoambatana na homa au kupungua uzito nayo yanahitaji uchunguzi.

Mjamzito aliyeanguka, hata kama anajiona mzima, akapimwe. Akitokwa na damu au maji ukeni, akipata maumivu makali ya tumbo, au mtoto akipunguza kucheza, asingoje kesho.

Ukiungua na bomba la moshi, mwagia maji safi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, yai na unga wa ngano havina kazi hapo. Huongeza uchafu kwenye jeraha.

Yule dereva alirudi kwa fundi, safari hii akiwa na mkewe, ambaye humpeleka sokoni alfajiri. Waliweka sponji ngumu, wakaipunguza kwa mbele, wakaishusha kwa nyuma. Baada ya wiki chache ganzi ilikwisha. Mkewe naye alisema kitu ambacho hakuwa amewahi kukitamka: kwamba yeye pia kiuno kilikuwa kikimuuma, ila alidhani ni kazi za nyumbani.

Fundi atakapokuuliza unataka siti laini au ngumu, mwambie unataka inayokalika na watu wawili kwa saa moja bila mmoja wao kuumia. Na unapoita bodaboda kesho asubuhi, wewe mgonjwa au wewe mzazi, iguse siti kwanza. Ikikataa, muite dereva wa pili. Nauli ni yako na mgongo ni wako.