Majogoo Wetu Wabaki Majogoo

Ndugu zetu wa Nakivale, na nyinyi wa mashirika mnaotusoma, leo tuongee kuku. Kwenye kikundi chetu cha ufugaji limeletwa wazo: vijana tufundishwe kuhasi majogoo, wanenepe, nyama iwe laini, tuuze bei ya juu. Kuna waliopiga makofi. Sisi tulio wengi tumesema hapana, na tunataka sababu zetu zijulikane kabla vifaa havijanunuliwa.

Wenzetu wanauliza, mbona mbuzi tunahasi, na maksai walikuwepo tangu enzi za mababu? Swali zuri. Ila korodani za mbuzi ziko nje. Za jogoo ziko ndani kabisa, chini ya uti wa mgongo karibu na figo, na mishipa mikubwa ya damu iko hapo hapo. Kwa hiyo kijogoo wa wiki chache analazwa njaa ili utumbo uwe mtupu, anafungwa mabawa na miguu, ananyooshwa kwa ubavu, anapasuliwa kati ya mbavu mbili za mwisho. Halafu anageuzwa, upande wa pili. Mara nyingi bila ganzi yoyote. Mkono ukiteleza, anakufa kwa kutoka damu. Kipande kikibaki ndani kinakua tena, unabaki na ndege ambaye si jogoo wala si maksai. Na mazoezi yatafanyika juu ya nani? Juu ya kuku wetu hawa hawa. Wa kwanza watatufia mikononi, tusidanganyane.

Uingereza sheria imekataza. Ufaransa bado wanafanya: jogoo wa Bresse aliyehasiwa huliwa Krismasi, na ni ghali kweli kweli. Sawa, Bresse ina wateja wake. Mteja wetu ni yule mama wa sokoni anayeshika kifua cha kuku, kisha anaangalia upanga wa kichwani. Jogoo aliyehasiwa upanga wake hubaki mdogo, umepauka, na kuwika hawiki. Mama ataona nini pale? Ataona kuku mgonjwa! Tena nani atapeleka ukweni jogoo asiyewika?

Halafu chakula. Wa Bresse anafugwa miezi 8 hivi. Miezi 8 ya mahindi, wakati mgao wa watu wenyewe umepunguzwa na posho ya nyumbani haitoshi. Hesabu hiyo aliyeifanya hakai hapa.

Kuna aliyetuambia eti mkimbizi mwenye njaa hana muda wa kumhurumia kuku. Hapo ndipo tulipokasirika. Sisi tunachinja na tunakula nyama, hatuombi radhi kwa hilo. Kisu cha kuchinja kinapita mara moja, kuku amekwenda. Huyu mwingine anapasuliwa akiwa mzima, aamke, aishi na kidonda, ili tu nyama yake iwe laini kwa mtu mwenye pesa. Njaa haijatuondolea akili ya kutofautisha mambo hayo mawili, na anayedhani imetuondolea aje akae nasi wiki moja.

Shida ya majogoo ipo, hatuifichi. Wakiwa wengi wanapigana, wanapanda mitetea mpaka migongo inatoka manyoya, na majirani wamechoka na kelele za saa tisa usiku. Basi bakiza mmoja kwa mitetea kumi, wengine wauze au wachinje wakiwa na miezi minne au mitano, nyama bado laini yenyewe.

Na kinachotumaliza kwa kweli ni kideri. Banda zima linaisha ndani ya siku chache, majogoo kwa mitetea. Chanjo yake ni tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu au minne, na kijana yeyote wa kikundi anaweza kulitia baada ya kuonyeshwa mara moja. Kikao ni Jumamosi. Kama bajeti imeshaandikwa visu, tunaomba mstari huo ufutwe, paandikwe chanjo, pamoja na kikasha cha kuileta ikiwa baridi kutoka Mbarara.